Muulize Mwalimu: Nani aliwasha karabai?

Barua za safari hii ni nyingi kuliko nafasi, na mwandiko wa baadhi yenu ungemshinda hata mfamasia. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mitatu, sehemu kubwa Tabora, ndipo nikarudi nyumbani Kigoma kupumzika, kwa hiyo mwandiko mbaya haunitishi. Kinachonichosha ni maswali ya "nani alivumbua" yanayotaka jina moja tu, kama mtihani wa kuchagua A mpaka D. Mtaona mara nyingi majina yanakuja kwa mafungu.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Baba yangu alivua kwa karabai, nami nilianza na karabai, sasa natumia taa za betri. Juzi tulibishana ufukweni: mmoja anasema karabai ni ya Mjerumani, mwingine anasema ni ya Mwarabu kwa sababu jina lenyewe ni Kiarabu. Nani mkweli? – Mvuvi, Kibirizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjerumani yumo, lakini hakuanza yeye. Mwarabu hayumo kabisa.

Tuanze na jina. Karabai linalia Kiarabu masikioni, ila asili yake ni kabaidi, lile jiwe la kijivu ambalo mafundi wa kuchomelea hulitia maji likatoa gesi yenye harufu ya kukera. Mwaka 1892, mahali panapoitwa Spray, North Carolina, Marekani, Thomas Willson alikuwa akitafuta njia nafuu ya kupata alumini. Akachoma chokaa na lami ya makaa ya mawe kwenye tanuru la umeme, akaishia na madonge yasiyokuwa alumini wala chochote alichokitaka. Yalipotiwa maji yakatokota na kutoa gesi inayowaka kwa mwanga mkali. Basi taa za kabaidi zikaenea: kwenye baiskeli, kwenye magari ya zamani, migodini. Maji yanadondoka juu ya jiwe, gesi inatoka, unawasha. Baadaye zilipokuja taa za mafuta ya taa za kupiga pampu, Waswahili hatukuona sababu ya kujisumbua na jina jingine.

Hiyo ya pampu ndiyo ya baba yako, na moyo wake ni kile kifuko cheupe cha wavu kinachoning'inia katikati. Kile ni kazi ya Mwaustria, Carl Auer von Welsbach, aliyesoma kwa Bunsen, yuleyule wa jiko la gesi la maabara. Alikisajili mwaka 1885. Kifuko chake cha kwanza kilitoa mwanga wa kijanikijani, watu wakaukataa, biashara ikadorora. Akarudi mezani. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliokaa wa madini mawili: thori sehemu 99 na seri sehemu 1. Thori peke yake haitoi mwanga wa maana, na ukizidisha seri unaharibu. Ni ile sehemu moja katika mia ndiyo inayokupa weupe ule wa kuumiza macho. Mimi ningemkumbuka kwa hiyo moja tu.

Unakumbuka baba yako alipofunga kifuko kipya? Kinatoka kwenye bahasha kikiwa kitambaa laini. Anakifunga kwa uzi, anakichoma kwa kiberiti, kinanyauka, kinabaki jivu jeupe lenye umbo la kifuko. Tangu hapo hakiguswi. Mwaka 1974 nilikuwa kijana wa likizo kwenye mtumbwi wa mjomba wangu, usiku wa giza, dagaa ndio kwanza wameanza kuzunguka kwenye mwanga, maji yanachemka kwa wingi wao. Likaja wimbi moja la ubavuni. Halikuwa kubwa. Kifuko kikamwagika kama unga ndani ya kioo, na taa ikabaki inanguruma moto wa bluu usiomulika hata vidole. Mjomba akatia mkono mfukoni akatoa bahasha ya akiba. Ilikuwa imelowa. Hakusema neno. Tulipiga kasia kurudi watu sita, ndoo tupu, huku karabai za wenzetu zimetanda ziwani nyuma yetu kama mji.

Na Mjerumani wenu? Huyo ni Max Graetz wa Berlin, ambaye kiwanda chake ndicho kilichotengeneza Petromax, na hiyo "max" ni jina lake mwenyewe. Yeye aliunganisha mambo: upepo wa pampu unasukuma mafuta, mafuta yanapanda kwenye bomba lililokwisha kupashwa moto, yanageuka mvuke, yanatoka kwenye tundu jembamba kuliko sindano, yanachanganyika na hewa, yanawaka ndani ya kifuko cha Auer. Ndiyo maana mlikuwa mnaanza kwa kuipasha na spiriti. Bomba likiwa baridi, mafuta yanatoka majimaji na karabai inatoa ndimi za moto.

Huyo Auer, kwa taarifa yenu mnaobishana ufukweni, yumo mfukoni mwa kila mvuta sigara. Lile jiwe dogo linalotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi ni lake pia, la mwaka 1903.

Kuhusu taa zako za betri, zile za LED: taa ndogo nyekundu za aina hiyo zilikuwepo tangu 1962. Nyeupe hazikuwezekana mpaka ipatikane bluu, na bluu iliwatoa watu jasho miaka thelathini. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Nakamura alikuwa kwenye kampuni ya mkoani ambayo wakubwa wa kazi hiyo hawakuihesabu. Sasa wimbi likipiga, taa yako inabaki inawaka. Mjomba angelipa pesa nyingi.

SWALI: Mwangaluka, Mwalimu. Mimi ni mama lishe, nauza chai karibu na stesheni ya Tabora. Mwanangu kaja na hadithi ya shule kwamba treni ilianza pale James Watt alipoona mvuke unainua mfuniko wa birika. Mbona mimi naona mfuniko unainuka kila siku alfajiri na sijavumbua kitu? – Mama lishe, Tabora

JIBU: Mwangaluka, mama. Hujavumbua kwa sababu hadithi yenyewe ni ya kutungia watoto. Injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ilikuwa inavuta maji migodini Uingereza tangu 1712, miaka 24 kabla Watt hajazaliwa. Watt alikuwa fundi wa vifaa pale Chuo Kikuu cha Glasgow. Akaletewa kielelezo kibovu cha injini ya Newcomen akitengeneze, akagundua ni mlafi wa kuni: silinda inapashwa moto, inapozwa kwa maji, inapashwa tena, kila mzunguko. Mwaka 1765 likamjia wazo la kuupoza mvuke kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki na moto wake wakati wote. Basi. Ni kama wewe ungeacha kuzima jiko kila baada ya kikombe kimoja.

Hata hivyo Watt hakutengeneza treni. Aliyetangulia kuvutisha mvuke kwenye reli ni Richard Trevithick, mwaka 1804 huko Wales. Reli ya kwetu ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwambie mwanao kwamba birika lisahauliwe, na chai yako naikumbuka kama wewe ndiye yule wa upande wa mwembe.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa mashine za kusaga, Ujiji. Dizeli imepanda, mawese yako tele. Kuna mtu ananiambia injini ya dizeli ilibuniwa itumie mafuta ya mimea, kwa hiyo nimwage mawese tu kwenye tangi. Nimwage? – Fundi, Ujiji

JIBU: Usimwage! Soma kwanza mpaka mwisho.

Rudolf Diesel alikuwa na hasira na injini za mvuke, maana sehemu kubwa ya moto wa makaa ilikuwa inapotelea hewani. Wazo lake ni lile unaloliona ukipampu baiskeli: hewa ikibanwa, pampu inapata moto. Ibane zaidi na zaidi, itafika mahali mafuta yakirushwa ndani yanawaka yenyewe bila cheche. Alipata haki ya ubunifu mwaka 1893, na jaribio la mwanzo huko Augsburg nusura limlipukie. Injini iliyofanya kazi ya kueleweka ilikamilika 1897, nayo iligeuza kuwa kazi kiasi cha robo ya moto wa mafuta. Mvuke wa wakati huo haukukaribia hapo.

Hiyo habari ya mimea ina ukweli wake, ila imepinda njiani. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikitembea kwa mafuta ya karanga. Injini ilikuwa imetengenezwa kwa mafuta ya kawaida ya kuchimbwa ardhini, haikubadilishwa kitu, na watazamaji wengi hawakujua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyolitaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika yenye karanga nyingi. Diesel mwenyewe alilipenda wazo, akaliandikia baadaye. Lakini kusema aliibuni kwa ajili ya mimea ni kumwongezea. Mwaka 1913 alipanda meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, usiku akatoweka, mwili ukaja kuonekana baharini. Mpaka leo watu wanabishana alijitupa au alitupwa.

Sasa mawese yako. Chukua chupa ya mawese, iache nje usiku wa mwezi wa saba, iangalie alfajiri. Chini imeganda kama samli, juu inateleza. Hiyo ndiyo itakayokwenda kuziba filta yako. Ukiyapasha moto yatapita, lakini bado ni mazito kuliko dizeli, nozeli haitayapuliza kama ukungu, itayatema kama mate. Yasipoungua vizuri yanaacha masizi na gundi kwenye ringi. Mashine itatembea wiki mbili tatu, utanisifia. Mwezi wa pili utanitukana.

Dawa ilipatikana zamani, na mafuta yaliyotumika yalikuwa ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alisajili njia ya kuyageuza mawese ya Kongo kwa kuyachanganya na pombe kali ili yawe mepesi, na mwaka 1938 basi la abiria likayatumia kati ya Brussels na Leuven. Glisirini inatengana na kubaki pembeni, mafuta mepesi unayatumia. Kwa hiyo kazi inawezekana, lakini inataka kemikali zinazounguza ngozi na spiriti zinazoshika moto kwa mbali. Si kazi ya kufanyia uani huku watoto wanacheza. Mawese yako kaangie dagaa, dizeli nunua.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo si mazuri. Rafiki yangu anasema Jane Goodall wa Gombe naye hakuwa na digrii lakini akawa mwanasayansi mkubwa. Ni kweli, au ananifariji? – Binti, Gungu, Kigoma

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ni kweli, na anakufariji pia. Yote mawili.

Alishuka Gombe mwezi wa saba 1960, umri miaka 26, amesomea ukatibu, pamoja na mama yake mzazi kwa sababu serikali ya kikoloni haikutaka mwanamke kijana akae porini peke yake. Mama yule akafungua kijizahanati cha hemani kwa wavuvi wa pale ufukweni, na wazee wa huku walimkumbuka kwa aspirini kabla hawajamjua binti kwa sokwe. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia. Kisha, kabla mwaka haujaisha, akamwona dume aliyempa jina David Greybeard amekaa kwenye kichuguu, anaingiza ujani wa nyasi kwenye tundu, anasubiri, anautoa umejaa mchwa, anaupitisha mdomoni. Wengine walichuma kijiti na kukipukutisha majani kwanza. Kupukutisha ndiko kulikotikisa vitabu, maana hiyo ni kutengeneza zana, na vitabu vilisema zana hutengenezwa na binadamu tu.

Huko Cambridge walimpokea kusomea udaktari wa falsafa bila digrii ya kwanza, jambo la nadra sana, akaumaliza katikati ya miaka ya 1960. Wakamkosoa kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Hakubadilika. Amefariki Oktoba 2025, ana miaka 91.

Lakini binti, mimi sitaki uishie kwake. Waulize wazee wa Mwamgongo na vijiji vya jirani. Mwezi wa tano 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakateka watafiti vijana wanne wa Gombe. Wageni wakaondolewa. Nani alibaki anafuata sokwe milimani kuanzia wanapoamka mpaka wanapojenga viota? Wenyeji. Vijana wa vijijini, wengi wao elimu ya msingi, wakijaza madaftari kwa Kiswahili, saa na dakika, nani kala nini, nani kamfuata nani. Hilali Matama alikuwepo Januari 1974 sokwe wa kundi moja walipomvamia dume wa kundi jingine aliyeitwa Godi, tukio la kwanza la aina hiyo kuonekana na macho ya mtu. Kumbukumbu zile ndizo zilizofanya utafiti wa Gombe usikatike. Karatasi nyingi za kisayansi zina majina ya maprofesa juu, na chini kabisa kwa herufi ndogo, pale pa shukrani, ndipo utawakuta watu wa kwetu. Hilo linaniuma kidogo, nakiri.

Rudia mtihani, mwanangu. Halafu nunua daftari.

SWALI: Mwalimu, eti dawa ya mseto ya malaria inatokana na majani ya Kichina? Kama ni majani, kwa nini tusichemshe wenyewe? – Msomaji, Urambo

JIBU: Inatokana na mmea, ndiyo, na kuchemsha ndiko kulikokuwa kunaiharibu. Tu Youyou, mama wa Kichina, alipewa kazi hiyo mwaka 1969 wakati wa vita vya Vietnam, askari wakifa kwa malaria sugu. Kikundi chake kilipekua maelfu ya maandiko ya waganga wa kale. Mmea mmoja ulitoa matokeo ya kutatanisha, leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Akarudi kwenye andiko la Ge Hong la karne ya 4, akasoma upya: konzi moja ya mmea, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna moto! Akabadilisha njia, akatumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwenye panya waliojaribiwa. Yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Kwa hiyo ndugu wa Urambo, chai ya majani hayo haikupi kipimo kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani haliishauri. Kipimo kidogo kinamwacha mdudu hai na kumfundisha ujanja. Homa ikija, pima damu, meza mseto wote, hata ukipata nafuu siku ya pili.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kidato cha pili, Tabora. Kitabu kinasema maji yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Tulichemsha maabara, kipimajoto kikasimama kwenye 96. Tukaongeza moto, hakikupanda. Mwenzetu anasema kipimajoto ni kibovu. Kwenye mtihani tuandike ngapi? – Wanafunzi watatu, Tabora

JIBU: Marahaba, wanangu. Barua yenu nimeisoma mara tatu, kisha nikaiweka, nikatoka nje kidogo.

Kipimajoto chenu ni kizima. Maji yanachemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyoyakalia. Ukiwa Dar es Salaam, ufukweni, hewa yote iko juu ya sufuria yako, na maji yanahitaji nyuzi 100 kuishinda. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa kiasi imebaki chini yenu, mzigo ni mwepesi, 96 zinatosha. Mkija kwangu Kigoma, ziwa liko mita 773, mtapata 97 na nusu kasoro kidogo. Kileleni Kilimanjaro ni kama 80, na maharage hayaivi hata mkae wiki. Kuongeza moto hakusaidii, maji yanageuka mvuke haraka zaidi, basi. Cha kusaidia ni kuubana mvuke usitoke, kama Mfaransa Denis Papin alivyofanya mwaka 1679 na chungu chake cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, babu wa sufuria za presha. Bibi zetu walioweka jiwe juu ya mfuniko walikuwa kwenye njia hiyohiyo, ingawa jiwe la bibi halibani sana.

Anders Celsius mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1742, alipotoa vipimo vyake huko Uppsala, Uswidi, alieleza wazi kwamba kiwango cha kuchemka hupanda na kushuka pamoja na mgandamizo wa hewa. Na cha kuwachekesha: kwake yeye 0 ilikuwa kuchemka na 100 kuganda. Waligeuza baada ya yeye kufa.

Hata wageni waliopita hapohapo mlipo walitumia jambo hili. Burton na Speke walikaa Kazeh, ndiyo Tabora yenu, mwishoni mwa 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Namna yao ya kujua urefu wa nchi ilikuwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Kwa Ziwa Tanganyika walipata kama futi 1,800, kumbe ni zaidi ya 2,500. Mita mia mbili zimepotea kwa kosa lisilofika hata nyuzi moja. Kwa hiyo someni kipimajoto jicho likiwa sawa na zebaki, msisome mkiwa mmesimama.

Kwenye mtihani: swali likitaja usawa wa bahari au mgandamizo wa kawaida, au lisipotaja kitu, andikeni 100. Likiwa la vitendo, andikeni mlichokiona, na pembeni mseme mko mita ngapi.

Mtamsikia mwalimu mmoja wapo akisema hiyo ni fizikia yenu wenyewe. Erasto Mpemba aliambiwa hivyohivyo. Mwaka 1963, kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya aiskrimu yakiwa ya moto kwenye friji kwa kuwahi nafasi, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Akauliza darasani, akachekwa, ikawa kila akikosea hesabu wanamwambia ni hesabu ya Mpemba. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam. Osborne alirudi akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana, na wengine wakirudia kwa uangalifu hawalioni jambo lenyewe. Ila jina lake linatajwa kwenye maabara za dunia nzima, na la mwalimu wake hakuna anayelijua.

Nami ni mwalimu wa namna hiyo. Mwaka 1986, Tabora, shule siitaji, darasa la watoto arobaini na kipimajoto kimoja kilichosalia, nilichemsha maji kwa jiko la mkaa kwenye sufuria ya wali. Watoto wakapita mmoja mmoja wakachungulia. Daftari zilipokuja, thelathini na tisa walikuwa wameandika 100, maana kitabu kilisema 100. Mmoja aliandika 96. Nikamweka mbele ya darasa nikamuuliza amesoma wapi, akasema kwenye kipimajoto. Wenzake wakacheka. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: RUDIA. Alama 3 kati ya 10. Ilinichukua miaka mitano, kwenye semina ya walimu, kumsikia mtu akieleza habari ya mita 1,200, nikakaa pale kitini kalamu imesimama.

Alikuwa mwembamba, akikaa karibu na dirisha lisilokuwa na kioo, na viatu vyake vilifungwa kwa waya wa umeme badala ya kamba. Jina nalijua, silichapi. Sasa atakuwa kapita hamsini. Kama ni wewe unayesoma, nakuomba uandike hapa gazetini. Daftari langu la alama la mwaka ule bado ninalo, na ile 3 nimeikata. Nimeandika 10, nikatia sahihi na tarehe.